Pampu ya Kahawia

Siku mliyoniaga pale zahanati mlinipa kitenge na beseni, na mmoja wenu akasema niandike machache ya kazini ili wahudumu wapya wapate kusoma. Nimekaa kuandika. Mimi ni mtu wa darasa la saba na mafunzo mafupi ya uhudumu wa afya. Sikusomea dawa, nilisimama karibu na waliosomea. Kwa hiyo chochote mtakachokuta hapa juu ya namna dawa inavyofanya kazi, nilielezwa na mtu, na nimekiandika kama nilivyoelezwa. Habari za kujifungua, malaria na vidonda mtazikuta kwa wengine. Mimi nitaandika juu ya pumu, kwa sababu ndiyo iliyomchukua mdogo wangu, na kila nikianza kuandika jambo jingine kalamu inarudi huko.

Nilianza kazi mjini Iringa, kwenye wodi ya wanaume, wakati wa kipupwe, miezi ile ambayo hata maji ya bombani yanauma vidole. Siku ya kwanza nilikabidhiwa ndoo, ufagio na sufuria. Sufuria ilikuwa ya kuchemshia mabomba ya sindano, maana wakati ule yalikuwa ya kioo, na ukivunja moja habari zako zilifika mpaka jikoni. Nilidhani kazi ya hospitali ni kutibu. Kumbe sehemu kubwa ni kuchemsha, kufuta, kubeba na kungoja. Bado naamini hivyo.

Hapo ndipo nilipomkuta Dokta Mwasomola. Alikuwa tabibu, Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mwenye sauti ya chini na utani usiocheka. Hakuwa mtu wa kukuita pembeni akufundishe. Alifundisha huku anafanya, na kama hukusikia, ilikuwa juu yako.

Mgonjwa wangu wa kwanza wa pumu alikuwa mzee mmoja wa Kihehe aliyeletwa kutoka upande wa Kilolo. Alikaa ukingoni mwa kitanda, viganja juu ya magoti, mabega yanapanda na kushuka kama mtu anayetwanga. Kila alipotoa pumzi kifua kilipiga mluzi mwembamba. Nilimwonea huruma, nikamwekea mto.

"Lala babu, upumzike."

Dokta Mwasomola alikuwa nyuma yangu. "Imelda, huyo ukimlaza unamzika. Muache akae. Unasikia nini hapo kifuani?"

"Nasikia mluzi, Dokta."

"Huo mluzi ni rafiki yako. Maana yake hewa inapita, japo kwa shida. Siku ukimwona mtu anahangaika hivi halafu kifua kimenyamaza, usishukuru Mungu. Kimbia uite mtu."

Dawa ya siku zile ilikuwa sindano ya aminofilini. Inalegeza misuli inayokaba mirija ya hewa, lakini ni dawa yenye hasira. Ukiiingiza kwenye mshipa kwa haraka, moyo unapaparika, na mgonjwa anaweza kukuondokea mikononi. Kwa hiyo Dokta alivuta kigoda, akakaa, akaanza kuisukuma polepole, tone kwa tone, huku anaongea na mzee habari za mbuzi. Mimi nilishika taa na mkono wangu ukafa ganzi. Mwishowe yule mzee akageuza shingo.

"Dokta, unanichoma sindano au unanisomea misa?"

"Vyote viwili babu. Kama una haraka, chagua kimoja."

Mzee akacheka, akakohoa, akacheka tena. Dokta aliniangalia mimi, siyo yeye. "Umesikia? Alipokuja alikuwa anaongea neno moja moja. Sasa anatukana kwa sentensi nzima. Hapo dawa imefanya kazi."

Hilo ndilo la kwanza ninalowaachia. Msikilizeni mtu wa pumu anavyoongea. Anayeweza kukutania kwa sentensi nzima ana muda. Anayekupa neno, anameza hewa, halafu anakupa neno lingine, hana.

Kulikuwa na vidonge pia. Vilifungua kifua, lakini vilitetemesha mikono mpaka mtu anamwaga chai, na usiku mgonjwa alikodoa macho darini. Sababu aliyonipa Dokta ni kwamba kidonge kinapita tumboni, kinaingia kwenye damu, kinazunguka mwili mzima kumtafuta mwenye shida, na njiani kinawasumbua wasiohusika. Ndiyo maana baadaye, dawa ya kuvuta kwa mdomo ilipofika hata kwetu sisi watu wadogo, alifurahi kama mtu aliyepata mvulana baada ya wasichana sita. Dawa ya kuvuta inaenda mahali penyewe, alisema, na kidogo tu kinatosha.

Miaka ikaenda. Dokta alihamishiwa kwenye hiyo zahanati yenu, huko tambarare za Usangu, upande wa Madibira, akaomba nimfuate kwa sababu alikuwa amechoka kufundisha watu upya. Nilienda. Kwa mtu aliyezaliwa kwenye baridi ya Ifunda, nchi ile ilikuwa ngeni: joto, mbu, maji yamelala kwenye majaruba ya mpunga mpaka macho yanaishia, na msimu wa mavuno ukifika, mashine za kukoboa zinanguruma kutwa nzima. Vumbi la mpunga si kama vumbi la barabarani. Ni jepesi, lina miiba, linakaa kwenye nyusi. Nyuma ya kila mashine kuna kilima cha pumba, na kilima hicho kikiwashwa moto kinafuka moshi wiki nzima. Vifua vilikuja kwetu kwa foleni.

Dokta aliwaeleza wagonjwa kwa mfano mmoja, na mfano huo mliukuta bado unasimuliwa. Alichukua kijiti akachora mfereji chini, pale mlangoni.

"Mirija yako ya hewa ni kama mfereji wa shamba," alisema. "Pumu ikija inafanya mambo mawili. La kwanza, inafunga geti. Misuli inakaza, maji hayapiti. La pili, hili hamlioni, tope linajaa chini. Ukuta wa ndani unavimba, na makohozi mazito yanakaa juu yake. Pampu ya bluu, hii ya kuvuta, inafungua geti. Unavuta, dakika chache unapumua. Lakini tope liko pale pale. Kesho geti likifunga kidogo tu, maji yamekwama. Dawa ya kahawia inaondoa tope. Haifungui geti, kwa hiyo ukivuta leo husikii kitu. Inafanya kazi polepole, siku hadi siku. Mfereji ukiwa safi, hata geti likileta ukorofi, maji yanapata njia."

Wakulima walitikisa vichwa. Hakuna mtu wa huko asiyejua kusafisha mfereji. Hiyo ni kazi ya wote: jembe na koleo, kila kaya inatoa mtu, na asiyetokea anatozwa faini. Nilimwona Dokta anaona fahari, ingawa hakuwa mtu wa fahari. Alikuwa amepata mfano unaoingia.

Mdogo wangu Yusta alinifuata huko baada ya mama yetu kufariki. Alikuwa na pumu tangu utoto. Kule nyumbani baridi ya asubuhi ilimkaba, tukamwegemeza kifuani kwa mama akiwa wima, tukamnywesha maji ya moto, na tulimwita mvivu wa kuchota maji bila kujua. Joto la Usangu lilimpendeza. Alinenepa, akajiunga na kwaya kigangoni, na kabla sijazoea kumwona anatabasamu, akaolewa na Lukasi, fundi wa mashine ya kukoboa, kijana wa Kisangu mpole asiyejua kuongea bila kupiga kelele, kwa sababu ya kazi yake.

"Yaani wewe," nilimwambia, "umekimbia baridi ukaenda kuolewa na vumbi."

"Bora vumbi linalorudi jioni na mchele, dada. Baridi ya Ifunda ilirudi na nini?"

Alijifungua mtoto wa kike, Neema. Na vumbi likaanza kudai chake. Misimu miwili ya mavuno mfululizo alikuja kwetu amekaa mbele ya pikipiki, mikono kwenye tanki, anavuta hewa kwa shingo. Mara ya pili Dokta aliandika rufaa, nikampeleka Mbeya mimi mwenyewe. Daktari wa kule alimpima kwa kumpulizisha kwenye kifaa, akampa pampu mbili, ya bluu na ya kahawia, akamweleza vizuri, kisha akasema tuendelee naye nyumbani.

Tuliporudi, Dokta Mwasomola alimkalisha Yusta mlangoni akachukua kijiti chake. Nilikuwa nafua mashuka karibu, nilisikia yote.

"Hii ya kahawia, mama, ndiyo ya kinga. Usione haikufanyi kitu."

"Kweli haifanyi kitu, Dokta. Jana nimevuta, hamna. Ile ya bluu ukivuta unaisikia mpaka kwenye vidole."

"Ukisikia mpaka kwenye vidole maana yake inakutetemesha. Hiyo siyo sifa. Wewe ni mke wa mkulima au siyo?"

"Mke wa fundi mashine."

"Haya, mke wa fundi mashine. Mfereji mnausafisha saa ngapi? Maji yakishafika?"

Yusta akacheka. "Ukisafisha maji yakishafika si utachekwa na kijiji kizima? Tunasafisha kabla."

"Basi umenielewa. Tope linaondolewa kabla. Na ukimaliza kuvuta, sukutua mdomo uteme. Usiposukutua, utapata utando mweupe mdomoni, halafu utakuja kunilaumu mimi."

"Nimekuelewa Dokta. Ndaga fijo," akasema, akimshukuru kwa Kinyakyusa alichojifunza kwa ajili ya kumchokoza.

Na kweli alielewa. Msimu uliofuata wa mavuno alivuta pampu ya kahawia asubuhi na jioni bila kukosa, akasukutua, akatema. Nilimwona kwa macho yangu. Mashine zilinguruma, pumba zilifuka moshi, na Yusta alipepeta mpunga na kuimba. Kwa mara ya kwanza tangu amezaliwa alipita kwenye vumbi bila kukaa chini. Dokta alikuwa anampigia mfano kwa wagonjwa wengine: "Nendeni mkamuulize mke wa Lukasi."

Kuna kitu nataka mkielewe hapa, kwa sababu kitawasaidia kazini. Pampu ya kahawia ikifanya kazi vizuri, mtu anasahau kwamba anaumwa. Hakuna mluzi, hakuna kukohoa alfajiri. Ni kama hakuna ugonjwa. Lakini uvimbe ule wa ndani unatulizwa tu, haung'olewi. Ukiacha dawa, haurudi kesho. Unarudi kidogo kidogo, wiki kwa wiki, na mwenyewe haoni, kwa sababu pampu ya bluu inamfungulia geti kila akibanwa. Anadhani yuko salama. Ndani tope linapanda.

Msimu ukaisha, mashine zikanyamaza. Mimi nilimuuliza Yusta kila tulipokutana kanisani, "Pampu yako ipo?" naye akajibu, "Ipo dada." Ilikuwepo kweli. Yusta hakuwa mwongo.

Mvua kubwa za mwaka huo zilikuja na mafua. Watu wote walikohoa, padri alikohoa altareni. Hakukuwa na vumbi popote. Barabara zilikuwa uji. Asubuhi moja ya katikati ya wiki nilikuwa napanga kadi za watoto, nikasikia pikipiki inakuja kwa gia ya chini. Ilikuwa Lukasi na dereva wa bodaboda, na katikati yao Yusta, matope mpaka kiunoni. Walikuwa wameanguka mara kadhaa njiani.

Alitaka kuniambia kitu.

"Da," alisema. Akavuta hewa. "Da."

"Usiongee. Kaa hivyo hivyo."

"Ya bluu." Akavuta tena. "Ime. Kataa."

Dokta alikuwa amefika kabla sijamwita. Tulitumia chupa ya maji iliyotobolewa kitako, ile mnayoijua, tukaweka pampu ya bluu kwenye tundu, tukambonyezea tena na tena, ili dawa ijae ndani ya chupa aivute taratibu. Chupa ile inasaidia sana kwa mtu asiye na nguvu ya kuvuta. Dokta akamchoma sindano ya kutuliza uvimbe. Dawa hiyo ni ndugu ya ile ya kahawia, ila inapita kwenye damu. Ina nguvu, lakini inahitaji saa kadhaa kabla haijaonyesha kazi yake, na sisi tulihesabu kwa pumzi. Akamwekea aminofilini kwenye dripu, dawa ya zamani, akaiendesha polepole kama alivyofanya Iringa. Simu ilipigwa Rujewa, gari la wagonjwa likaanza safari. Lilikuwa kwenye matope yale yale.

Nilimshika mgongo. Mluzi ulikuwa mkubwa, wa pande zote mbili, na nilikuwa namwambia kimoyomoyo, piga, endelea kupiga. Lukasi alisimama mlangoni anapiga kelele zake za mashineni: "Anaendeleaje? Shemeji, anaendeleaje?" Halafu mluzi ukapungua. Kifua kikanyamaza, naye bado anapandisha mabega. Lukasi alisikia ukimya akafurahi. "Afadhali," akasema. "Afadhali, umetulia."

Mimi na Dokta tuliangaliana.

Tulimpumulisha kwa mfuko wa mpira. Ulikuwa mgumu kuusukuma, kama unapuliza gunia lililojaa. Gari lilipofika, dereva alizima injini mwenyewe bila kuambiwa.

Ndugu walikuja kutoka Iringa, tukazika. Nilisikia mama mmoja nyuma ya nyumba anasema, "Dada yake yuko zahanati, na mdogo wake anakufa kwa pumu?" Mwingine akamwambia, "Nyamaza, anasikia." Nilisikia. Watu wengi walitaka nijilaumu, wengine kwa wema, ili wapate kunifariji. Nimejipima miaka mingi kwa haki niwezavyo, na sijaona kosa la kujitwisha. Nilikuwa nalia tu. Kuna kilio kisicho na kosa ndani yake, na hicho hakina dawa, kwa sababu hakuna cha kutubu.

Baada ya kuanua matanga, Lukasi aliniomba nimsaidie kupanga vitu vya marehemu. Ukutani jikoni kulikuwa na kikapu kikubwa kimetundikwa juu, mbali na panya. Nilikishusha. Ndani kulikuwa na mundu uliopakwa mafuta usishike kutu, ungo mdogo, kofia ya kuvunia, kitambaa cha kuziba pua. Vitu vya mavuno. Chini kabisa, imeviringishwa kwenye kipande cha khanga na kufungwa kwa uzi, kulikuwa na pampu ya kahawia.

"Hii ilikuwa huku kwa nini?"

Lukasi alinishangaa. "Si ya msimu hiyo, shemeji? Yeye alisema Dokta kamwelekeza. Mfereji unasafishwa kabla ya maji. Mashine zinaanza mwezi wa tano, kwa hiyo angeanza kuvuta mwezi wa nne, mapema, ili tope litoke." Aliongea kwa sauti ya chini, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Alikuwa hataki kuichezea. Alisema dawa nzuri hivi haifai kumalizwa bure wakati hakuna vumbi."

Nilitikisa pampu. Ilikuwa nzito. Nikaibonyeza hewani mara moja, ikatoa moshi wake mweupe, vizuri kabisa, ukakaa kidogo kwenye mwanga wa dirisha kisha ukapotea.

Niliipeleka kwa Dokta. Nilimweleza maneno ya Lukasi kama yalivyo. Aliigeuza pampu mkononi.

"Mfereji unasafishwa mara ngapi kwa mwaka huku?" aliniuliza.

"Mara moja, Dokta. Kabla ya msimu."

"Mara moja." Akaiweka mezani. "Mimi ni mtu wa Tukuyu, Imelda. Kwetu mvua inanyesha mpaka unaichukia, hatuna mifereji ya kumwagilia. Hii mifereji nimeikuta ukubwani. Niliona watu wanaisafisha, nikaona ni mfano mzuri. Sikuwahi kuuliza inasafishwa mara ngapi." Akaigusa pampu kwa kidole. "Alielewa kila neno nililomwambia. Ndiyo shida. Angenielewa vibaya kidogo angepona."

Hakuwa ametenda ubaya. Alikuwa amefundisha kwa moyo wake wote. Kijiti chake kilibaki nyuma ya mlango mpaka mchwa wakakimaliza, hakukishika tena. Alistaafu, akarudi Tukuyu, na huko akafariki. Nilienda kumzika. Mvua ilinyesha mazishi yote.

Neema nilimchukua mimi. Lukasi hakukataa, na alileta mchele kila mavuno, na bado analeta. Mtoto alikuwa bado hajaanza shule kifua kilipoanza kupiga mluzi. Pumu inapenda kurithiwa. Sitawaeleza nilivyojisikia usiku huo. Asubuhi tulikwenda Mbeya, tukarudi na pampu ya kahawia na maelekezo ya kumpa kila siku kwa chupa.

Siku ya tatu aliikataa. "Mama mkubwa, leo siumwi."

"Najua huumwi."

"Basi kwa nini navuta?"

Nilifungua mdomo nikaona mfereji unakuja, nikaufunga. Jikoni uji ulikuwa unachemka. Nikamuuliza, "Jana ulikula?"

"Nilikula."

"Ulishiba?"

"Nilishiba sana."

"Basi leo usile. Si ulishashiba jana?"

Aliniangalia kwa hasira ya kitoto. "Sasa leo nikisikia njaa?"

"Ndiyo hivyo. Kifua chako nacho kinakula. Hii ni chakula chake. Ukishiba leo, kesho unakula tena, mvua au jua, mashine zingurume au zisingurume. Ile ya bluu ni ya mbio, ya kukimbilia wakati umekabwa. Hii ni ya kula."

Alivuta. Akasukutua, akatema mbali kwa majivuno, akasema, "Nimekula." Tangu siku hiyo ndivyo tulivyoita.

Neno hilo nililipeleka kazini, na ninyi mlilikuta. Mama wa hapo anakuja dirishani anasema, "Nesi, ile ya chakula imeisha," na nyote mnajua anataka nini. Wageni wanacheka. Wacheni wacheke. Ila nawaomba msiliamini neno hilo kupita kiasi, kwa kuwa nimeshaona mfano mzuri unavyoweza kuua. Siku moja mtakutana na mtu aliyefunga Kwaresima au Ramadhani, na mtajua ninachosema. Kwa hiyo mgonjwa akishatikisa kichwa kwamba ameelewa, msimruhusu aondoke. Mwambieni awasimulie yeye: kesho asubuhi atafanya nini. Vumbi likiisha atafanya nini. Akijisikia mzima atafanya nini. Msikilize jibu lote mpaka mwisho. Na anayekuja kuomba ya bluu mara kwa mara, msimpongeze kwamba anajali afya. Geti lake linakwama kila siku. Ulizeni tope limefika wapi, mumpeleke kwa tabibu. Siku hizi kuna pampu zenye dawa zote mbili ndani ya kopo moja, na wataalamu hawapendi tena mtu mzima aitegemee ya bluu peke yake. Mimi nilizikuta mwishoni. Nilizishika mkononi nikawaza mengi, nikazirudisha kabatini.

Nimemaliza kazi. Nakaa Ifunda tena, kwenye baridi yetu, na kuku kadhaa wasionihitaji sana. Neema ni mtu mzima, anafanya kazi Mbeya kwenye duka la vipuri, anakaa peke yake kwenye chumba cha kupanga. Hajawahi kulazwa. Ana maneno mengi kama mama yake, lakini asubuhi hanipigii simu, kwa kuwa anasema sauti yangu inamchelewesha kazini. Ananitumia ujumbe wa neno moja.

"Nimekula."

Chai yangu huwa iko mezani tayari. Siigusi mpaka ujumbe uingie.